Ghorofa ya Ngapi, Bwana?

Diski nimeinunua dola nne, kapu la mabaki,
haina hata jalada.
Saa nane za usiku nimekaa na rimoti
nangoja dakika ya kumi na tisa.

Kwanza mvua. Katika filamu hizi Los Angeles hunyesha kila usiku,
mji ule ule baba alioufuata kutoka Louisiana
kwa sababu ya jua.
Halafu gari. Halafu kiatu, halafu moshi,
halafu mlango wa lifti unafunguka naye yumo:
Cleophus Guidry, kofia ya duara,
vifungo vya shaba vya kuazima, glavu nyeupe.

"Ghorofa ya ngapi, Bwana?"

Maneno manne. Aliyafanyia mazoezi jikoni wiki nzima,
mama akiwa abiria, mwiko ukiwa bastola.
Aliyasema kwa uchovu, akayasema kwa udadisi,
akayasema kama mtu mwenye watoto wawili na jino linalouma.
Mwongozaji akamwambia: punguza.
Akapunguza.
Punguza tena.
Hata ikabaki sauti isiyo na mwenyewe.

Na taa zilitegwa kwa ajili ya shavu la yule bibi wa nywele za dhahabu.
Fundi aliupima mwanga usoni pake, akarudi, akaupima tena.
Kwa baba hakupima.
Ndiyo maana waziona glavu tu, mbili, zikishika usukani wa lifti,
na juu yake giza lililovaa kofia.

Sasa isikilizeni kesi.
Muuaji alipanda na mkoba; baba alimpandisha.
Muuaji alishuka bila mkoba; baba alimshusha.
Katikati ya safari hizo mbili mtu alikufa ghorofa ya saba.
Mpelelezi anatafuta shahidi dakika sabini nzima.
Anapiga watu, anabusu, anahonga.
Anakwenda mtaa wa Wachina, ambako Harold Moy,
mfamasia mwenye shahada, mzaliwa wa Sacramento,
ameamriwa aivunjevunje lugha yake mwenyewe
kisha atokomee nyuma ya pazia la shanga.
Anakwenda baa ya mpakani, anamkuta Refugio Anaya,
aliyefundishwa lafudhi ya Kimeksiko
na bwana mmoja kutoka Ohio.
Mara nne anarudi kupanda lifti ile ile.
Mara nne anatazama tarakimu za ghorofa
juu kidogo ya kichwa cha baba.

Lisemwalo lipo, wamesema wahenga.
Lisiloulizwa je?

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipomuuliza mimi:
mbona hukumwambia?
Miguu yake ilikuwa ndani ya beseni, maji ya chumvi.
Alicheka hadi maji yakamwagika.
"Sikulipwa niseme, Vernita. Dola kumi na moja,
na sahani ya maharage nyuma ya ghala."
Akajifuta kidole kimoja kimoja.
"Lakini siku ukiiona tena, usiwatazame wao."

Basi siwatazami.
Muuaji anatoka, bibi wa dhahabu anageuka, muziki unapanda,
na pembeni kabisa, pale jicho la mkata filamu halikufika,
kofia ya duara inainama.
Baba anakitazama kiatu cha muuaji. Kiatu cha kushoto.
Kisha ananyanyua uso, anamwangalia mgongoni,
na lango la chuma analifunga taratibu,
taratibu mno kwa mtu aliyeambiwa apunguze.

Kwenye majina ya mwisho wako ishirini na wawili.
Hata mwenye mbwa yumo.

Narudisha nyuma. Glavu. Kiatu. Uso.
Nasimamisha hapo. Picha inatetemeka, haitulii,
na betri za rimoti zinaelekea kuisha.